Mkono Usio na Saa

Taa za kituo cha mafuta cha Mawaleh
ndizo zilizotuumbua.
Mchana gari letu lilikuwa bluu ya wino;
usiku ule, chini ya mwanga mweupe usio na haya,
ubavu wote ulikuwa utando wa buibui,
duara ndani ya duara:
miaka minne ya kuoshwa kwa tambara moja
lililoanguka mchangani, likakung'utwa, likaendelea na kazi.

Mama akashusha kioo. "Nani kalichanja hivi?"
Sisi, nikamwambia. Kwa riyali moja na nusu, kila Ijumaa.

Kijana wa Wadi Kabir aliapa kabla sijauliza.
"Saa mbili tu, dada! Utajitia wanja mlangoni."
Mashine yake ilinguruma juu ya gari la watu,
dawa imekaukia kwenye boneti,
vumbi la barabara linaingia bila hodi.
Nikamuuliza: unaondoa ngozi kiasi gani?
Akacheka. "Ngozi? Gari lina ngozi?"

Lina. Juu ya rangi kuna tabaka moja angavu,
jembamba kama utando wa kitunguu,
na kila anayeng'arisha hulila kidogo.
Mkwaruzo haujazwi, haufutwi;
hushushwa kila kilichouzunguka
mpaka vyote viwe sawa, chini.
Kikishaliwa, hakuna duka la kukinunua.

Shemeji Ghalib akapiga simu: ana mtu wake Ghala,
mtu wetu kabisa, bei ya udugu.
Mama akasema, "Mtu wetu ndiye aliyetutilia vigae vya bafuni,"
na sote tukakumbuka maji
yalivyotoka kuoga yakaja kukaa nasi sebuleni.

Basi Mabela, nyuma ya duka la magodoro.
Sudhir hakusema karibu.
Alivua saa. Alivua pete ya ndoa, kwa sabuni, taratibu,
akavitia ndani ya kopo la majani ya chai.
Akazungusha mkanda, bizimu ikaenda mgongoni.
Mama akanibana mkono. "Umemwona?"
Nilimwona.

Akaliosha gari kama anayemwogesha mgonjwa,
kisha akatoa kipimo kidogo kama kiberiti,
akawa anakibusisha kwenye bati na kuandika juu ya utepe:
mia na kumi na nane. Mia na ishirini na moja. Mia na tisa.
Mlango wa nyuma, kushoto: mia tatu na kumi.
Akapima tena. Akanitazama mimi, si gari.
"Hapa," akasema, Kiarabu chake cha gereji
kikikutana na cha Mama chenye harufu ya karafuu,
"hapa pamepakwa upya."

Haiwezekani, nikasema, gari hili tumelitoa dukani likiwa jipya.

Mama alikuwa anatafuta kitu mkobani.
Alikitafuta sana.
"Mwaka ule ulipokwenda Umra," akasema mwishowe,
"kuna nguzo, Nizwa. Ilinijia."

Sudhir hakucheka; aliinama akafunga kamba za viatu.
Akatenga mraba wa kiganja kimoja kwa utepe,
akaufanyia kazi robo saa, akaufuta kwa spiriti,
akazima mashine.
Ule mkwaruzo wa kwenye kitasa, wa pete za Mama,
akaupitishia ukucha: ukucha ukanasa.
"Huu siugusi. Nikiufuata, nitafika kwenye rangi."
Halafu: "Nendeni nalo. Mafuta ya dawa huficha.
Lioshwe, likae juani siku tatu. Mkiridhika, rudini."
Hakutaka hata baisa.

Siku ya tatu, saa saba mchana,
Mama alitoka na mwavuli kuukagua ule mraba.
Alisimama mpaka ndara zake zikaanza kunata kwenye lami.
Bluu ilikuwa na kina; ukope wake mmoja mmoja ulionekana mle.

Aliporudi aliweka ufunguo mezani, kando ya tende.
"Mpelekee," akasema.
Kisha, akiwa tayari jikoni, amenipa mgongo:
"Na Ghalib asisikie habari za ile nguzo."